RAM ya 3200 inasomeka 2133: chanzo ni nini?

Muulizaji

Ndugu zangu, salaam. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 3600 na ubao mama wa chipseti (chipu zinazosimamia kazi za ubao) ya B450, ambayo naitumia kuhariri video. Hivi karibuni nilifungiwa dukani vipande viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) aina ya DDR4, kila kimoja cha GB 8, na lebo zake zinaonyesha 3200 kwa volti 1.35. Nilipofungua Task Manager ya Windows nikakuta kasi iliyoandikwa ni 2133, na CPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za vifaa vya kompyuta, inataja takriban megahezi 1066 tu. Je, nimeuziwa RAM bandia, au kuna mpangilio ambao haukufanyika? Na kwa nini programu hizi mbili hazikubaliani? Ningependa kuelewa chanzo kabla sijavirudisha dukani.

Jibu la kwanza

Ndugu, usivirudishe bado, kwa sababu hakuna kitu katika maelezo yako kinachoonyesha kwamba RAM hiyo ni bandia.

Tuanze na tarakimu. DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo moja la saa yake, kwa hiyo saa ya megahezi 1066 huzaa kasi ya 2133. CPU-Z inakuonyesha saa yenyewe, na Task Manager inakuonyesha kasi ya data. Zote mbili zinasema kweli. Ukifika 3200, utarajie kuona 1600 hivi kwenye CPU-Z.

Sasa chanzo. Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo inayohifadhi jedwali la kasi na volti ambazo kipande hicho kinazimudu, na ubao mama hulisoma jedwali hilo kila unapowasha kompyuta. Usipouelekeza vinginevyo, ubao huchagua kasi ya kawaida iliyowekwa na JEDEC, chombo kinachosimamia viwango vya kumbukumbu, ambayo kwa DDR4 hutumia volti 1.2. Kasi ya 3200 kwa volti 1.35 imeandikwa katika sehemu ya pembeni ya jedwali hilo, iitwayo XMP, na ubao hauigusi mpaka mwenye kompyuta aruhusu. Zipo RAM za 3200 zinazotumia volti 1.2 ambazo hufikia kasi hiyo bila kuguswa, lakini ya kwako, kwa kuwa lebo inataja 1.35, si ya kundi hilo.

Washa kompyuta upya huku ukibonyeza Delete au F2 ili uingie kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio ya ubao mama, kisha utafute XMP. Katika bao za Asus za AMD mpangilio huo huitwa DOCP, na katika nyingi za MSI huitwa A-XMP. Chagua wasifu wa kwanza, uhifadhi kwa F10. Inafaa kufanya hivyo hasa kwa Ryzen, kwa sababu njia ya ndani inayounganisha sehemu za prosesa hiyo, Infinity Fabric, kwa kawaida huenda sambamba na saa ya RAM. RAM ikizembea, na njia hiyo inazembea. Kwa vipande viwili vinavyofanya kazi katika chaneli mbili, yaani njia mbili za data kati ya RAM na prosesa, uwezo wa juu wa kupitisha data hupanda kutoka takriban GB 34 kwa sekunde hadi GB 51.

Muulizaji

Nashukuru sana kwa maelezo. Nimewasha XMP, lakini skrini ilibaki nyeusi, kompyuta ikajizima na kujiwasha mara kadhaa, kisha ikarudi yenyewe kwenye 2133. Vipande vimechomekwa katika nafasi ya kwanza na ya tatu, ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Jibu la pili

Mkuu, sentensi yako ya mwisho ndiyo yenye jibu. Kujizima na kujiwasha si jambo la kushtua, kwani ubao ulikuwa unajaribu kupatana na RAM kwa kasi mpya, ukashindwa, ukarudi mahali salama. Kilichoushinda, kwa maoni yangu, ni nafasi.

Katika bao nyingi zenye nafasi nne, nyaya za kila chaneli hupita kwanza kwenye nafasi iliyo karibu na prosesa, kisha huishia kwenye ile ya mbali. Ukichomeka kipande katika nafasi ya karibu, kipande cha waya kinachobaki mbele yake kinaning'inia bila kitu, na mawimbi ya umeme yanayofika mwisho wake hurudi nyuma kama mwangwi na kuchafua ishara. Kwa 2133 uchafu huo huvumilika. Kwa 3200 mara nyingi hauvumiliki. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, uhamishie vipande katika nafasi ya pili na ya nne, ambazo mara nyingi huandikwa A2 na B2. Kitabu cha ubao wako kitathibitisha.

Ikigoma tena, sasisha BIOS, maana matoleo mapya ya bao za Ryzen yameboresha sana upatanifu wa RAM. Na hata ikikubali, usianze kazi ya mteja kabla hujaipima kwa MemTest86, programu ya kutafuta makosa ya RAM, mpaka imalize mizunguko yake yote bila kosa hata moja. RAM yenye makosa madogo huharibu mafaili kimyakimya, na hilo ni baya kuliko mwendo wa pole. Ikionyesha makosa, weka 2933 kwa mkono.

Msomaji mwingine

Nami nina tatizo linalofanana na hilo. Prosesa yangu ni Intel Core i5-10400 na ubao ni wa B460. Nimewasha XMP ya 3200 lakini kasi haivuki 2666.

Muulizaji

Nimehamishia vipande kwenye A2 na B2, na XMP imekubali mara moja. Task Manager inaonyesha 3200, na MemTest86 imemaliza bila kosa. BIOS sikuigusa.

Jibu la kwanza

Nimefurahi kusikia hivyo. Kwa ndugu mwenye B460: mashine yako haina hitilafu. Prosesa ya i5-10400 imepangiwa kikomo cha 2666, na chipseti ya B460 hairuhusu kukivuka, hata RAM yenyewe ikiwa na uwezo mkubwa zaidi. Kati ya bao za kizazi hicho, ni zile za Z490 zilizoruhusu, na Intel ilipotoa B560 mwaka 2021 ndipo ruhusa hiyo ikafika katika bao za bei ya kati. Kwa hali yako hakikisha tu kwamba vipande ni viwili na viko katika chaneli mbili, kwa sababu kubaki na kipande kimoja hukupotezea nusu ya uwezo wa kupitisha data, hasara kubwa kuliko tofauti ya 2666 na 3200. Sishauri ununue ubao mpya kwa sababu hiyo pekee.