Naomba ushauri: lipu inamomonyoka chini ya ukuta

Wakuu, nyumba ni ya tofali za saruji za inchi 6, Kigamboni. Lipu inapukutika kuanzia sakafuni hadi kama sentimita 60, na ukipitisha kidole unabaki na unga mweupe wa chumvi. Fundi anataka askimu (kusawazisha ukuta kwa puti ya jipsamu) na kupaka rangi ya mafuta. Nimekataa: puti ya jipsamu ikinyonya maji inalainika, na rangi ya mafuta inafungia unyevu ndani hadi ivimbe malengelenge.

Nje, kifusi cha kibaraza kimepanda kuliko sakafu ya ndani. Nitakichimba kibaki sentimita 15 chini yake, nibandue lipu hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, nipige brashi kavu (kuosha kunarudisha chumvi ndani), niache ukuta ukauke. Halafu lipu ya saruji 1 kwa mchanga 4, mchanga wa mto, wa baharini hapana. Rangi baada ya siku 28.

Msingi hauna nailoni ya kuzuia unyevu. Sindano za kemikali (kudunga ukutani dawa ya kuzuia unyevu usipande) zinashika kwenye tofali zetu hizi zenye vinyweleo, au nikate ukuta kipande kwa kipande niingize nailoni? Kila kipande mita moja inatosha?