Naombeni ushauri: katuni za masupahiro zimeanza kunichosha, mtu akifa anarudi, ila hadithi za kutisha bado zinanishika

Mpenda Kurasa (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Mimi ni msomaji wa vitu viwili, hadithi za kutisha na katuni za masupahiro, nimevisoma sambamba tangu sekondari, ila sasa hivi vimeanza kugombana kichwani na nataka mnishauri kama niachane na katuni kabisa au kuna namna ya kuzisoma ambayo mimi bado sijaijua.

Shida yangu ni kifo. Chukua Superman. 1992 kampuni ya DC walimuua, toleo la 75 la jarida lake, anapigana na dubwana Doomsday mpaka wote wanadondoka, na toleo zima walilichora kila ukurasa picha moja tu, yaani unafungua ukurasa unaona pigo, unafungua mwingine pigo, mpaka unafika mchumba wake Lois kampakata analia. Mimi pale nililia kweli. Halafu 1993 karudi. Jean Grey wa lile kundi la masupahiro X-Men ndo kabisa. 1980 anajiua kule mwezini kwa sababu alishakula nyota na sayari nzima ya watu mabilioni ikaangamia, ile stori ilikuwa inasema kuna dhambi ukishaitenda huwezi tu kuendelea na maisha kama kawaida. 1986 wakaja kusema eti hakuwa yeye, Jean mwenyewe muda wote alikuwa amehifadhiwa chini ya maji huko New York. Kifo kikafutwa, dhambi nayo ikafutwa.

Sasa weka pembeni yake Pet Sematary ya Stephen King ya 1983 (wasioisoma rukeni aya hii). Mtoto anagongwa na lori, baba anaenda kumfukua akamzike kwenye lile eneo la nyuma ya makaburi ya wanyama, na mtoto anarudi. Ni kitu kilekile, mtu kafa kisha karudi, ila kwenye katuni ni sherehe na kwa King ndo balaa linaanza. Na baba yule anajua kabisa, maana paka wa nyumbani alisharudi kutoka hukohuko akiwa si paka yule, na bado anachukua sepetu. Kilichoninyima usingizi si mtoto kurudi, ni kwamba mimi nina mtoto na najua usiku ule ningeenda makaburini vilevile.

Ndo maana nasema katuni za masupahiro zinaikimbia huzuni na hadithi za kutisha zinakaa nayo. Je kuna katuni ya supahiro inayokubali kwamba aliyekufa kafa? Na nyie mnaoendelea kusoma, mnapata nini humo? Nawasilisha.

Tope la Mikoko

Mkuu jibu lako lipo tangu 1984, Swamp Thing ya Alan Moore. Kabla yake, toka jarida lake lianze 1972, wasomaji walikuwa wanaambiwa mwanasayansi Alec Holland aliungua maabara ikilipuka, akakimbilia kwenye kinamasi, akageuka dubwana la majani, na ipo siku atapata dawa arudi kuwa mtu. Moore akaja, na kwenye toleo la 21 akalaza lile dubwana mezani likapasuliwa. Aliyelipasua akakuta mapafu yapo ila hayapumui, figo zipo hazichuji chochote, ni mimea imejiunda umbo la viungo. Maana yake Alec alikufa siku ileile kwenye kinamasi. Mimea ikanasa kumbukumbu zake ikajiona ni yeye. Hakuna wa kumponya kwa sababu hakuna mtu humo ndani.

Hapo ndo utaona supahiro anayegundua kwamba yeye mwenyewe ndiye maiti, na hawakuja kulifuta baada ya miezi sita, stori zote za Moore zinazofuata zimejengwa juu ya hilo.

Wa Eastlands

Wasee mimi niko Nairobi, hizi vitu nilianza kusoma za kununua kwa inama bookshop pale town, unainama unachambua mpaka upate. Mwanzisha uzi nakuelewa lakini unawasahau watu ndogo ndogo. Gwen Stacy, msichana wa Spider-Man, alikufa 1973, adui Green Goblin alimrusha kutoka juu ya daraja, Spider-Man akamtupia utando ukamshika mguu, na msichana akafika juu akiwa amekufa. Hapo karibu na shingo yake mchoraji aliweka neno dogo la mlio wa kitu kuvunjika, na ukiliona unajua ni nini kilimuua, ni ile njia alitumia kumuokoa. Wameleta nakala zake na Gwen wa dunia zingine lakini yule wa 1973 walimwacha kaburini miaka na miaka. Hata Uncle Ben, mjomba wa Spider-Man. Kwa masupahiro wenye kufa kabisa ni wale hawana jina kwa jalada, so wewe acha kuangalia yule ameandikwa kwa jalada, angalia wenye wamemzunguka.

Bi Mdogo wa Tabata

Kaka mimi nitakupinga kidogo na usinichukie. Hadithi za kutisha nazo zina mchezo uleule, sema kule asiyekufa ni dubwana. Michael Myers, yule muuaji wa muvi za Halloween, tangu 1978 kapigwa risasi, kachomwa moto, karibu kila muvi anarudi, na ilifika mahali haogopeshi tena kwa sababu ulikuwa unajua mwakani yupo. Kwa hiyo tatizo unalolisema si la katuni, ni la kitu chochote kinachouzwa mwezi hadi mwezi, mwenye mali hataki kuzika kinachomlisha. King amekupa ile Pet Sematary kwa sababu ni kitabu kimoja, kinaanza kinaisha, hana haja ya kumlinda mtu yeyote humo.

Halafu hata hilo la kifo kuwa ndo kipimo cha kila kitu silikubali. Kitabu kilichonitisha kuliko vyote ni The Haunting of Hill House wa Shirley Jackson, 1959, na mle ndani mzimu wenyewe huuoni. Kuna usiku mmoja Eleanor amelala gizani ameshika mkono wa mwenzake, anaubana kwa hofu, taa inawaka anakuta mwenzake yupo kitanda cha mbali. Anauliza alikuwa ameshika mkono wa nani. Hajafa mtu pale lakini mimi nilifunga kitabu nikaenda kulala na mama.

Mpenda Kurasa

Dada hapo kwenye mwezi hadi mwezi umenigusa. Kumbe ninachokichukia ni biashara inayokataza mwisho. Lakini basi nisome zile tu zenye mwisho wake? Maana hizo kwa masupahiro ni za kutafuta kwa tochi.

Jalada Gumu

Niongezee historia maana hawa wawili, masupahiro na hadithi za kutisha, ni ndugu waliotenganishwa. Batman alizaliwa 1939 na mwaka uleule alishapambana na mnyonya damu, akamfyatulia risasi za fedha akiwa amelala kwenye jeneza. Baada ya vita kuu ya pili masupahiro wakashuka, majarida ya kutisha yakapanda, hasa ya kampuni ya EC. Ndipo 1954 Seneti ya Marekani ikakaa kusikiliza kama katuni zinaharibu watoto, na wachapishaji wenyewe kwa woga wakajitungia kanuni: hakuna mazombi, hakuna wanyonya damu, hakuna watu wanaogeuka mbwamwitu, hata neno la kutisha lisitumike kwenye jina la jarida. EC wakafunga yale ya kutisha. Masupahiro waliporudi kwa nguvu kuanzia 1956 na supahiro Flash mpya walirudi kwenye uwanja ambao hofu ilishafukuzwa na kanuni hiyo, na mimi naamini ile tabia ya kukimbia huzuni unayoilalamikia ilikomaa hapo. 1971 kanuni ikalegezwa na ona jinsi kampuni ya Marvel walivyoharakisha kuleta wahusika wa kutisha, Morbius mwaka huohuo, Dracula na Ghost Rider 1972, Blade 1973. Gwen naye anakufa mwaka huo wa 1973, sidhani kama ni bahati tu.

Upepo wa Kusi

Assalaam aleikum. Miye mtu wa Pemba. Mwaka 1995 lilipovuma la Popobawa nilikuwa mtoto, watu wakilala nje makundi makundi na moto umewashwa, watu wazima na heshima zao. Kilichokuwa kikitisha ni kuwa hapana aliyeweza kukueleza lilikuwa nini, kila mtu na lake. Ndo maana mimi katuni za masupahiro hazinitii hofu hata zikimwaga damu, kila kitu mle kina maelezo, nguvu zimetoka wapi, adui kazaliwa vipi, udhaifu wake upi. Ukishapewa udhaifu wa dubwana, hofu imekwisha imebaki ngumi. Kwa hiyo mtafutieni ndugu yetu supahiro asiyeelezeka.

Tope la Mikoko

Shehe umepiga mulemule, na huyo asiyeelezeka yupo. Immortal Hulk, mwandishi Al Ewing, mchoraji Joe Bennett, ilianza 2018 ikaisha 2021 kwenye toleo la 50, kwa hiyo ina mwisho dada wa Tabata. Inaanza Banner, yule mtu anayegeuka Hulk, anapigwa risasi kwenye kituo cha mafuta, anakufa kabisa, anapelekwa mochwari, usiku unaingia maiti inanyanyuka. Mchana anakufa Banner, usiku anafufuka mwingine, na swali la kitabu kizima ni nani anayemfungulia mlango kule anakotoka na kwa nini. Yaani Ewing kachukua hilohilo unalolichukia, kurudi, akasema haya tulitazame vizuri basi kama King alivyolitazama. Hata lile la usiku halikutoka hewani, Hulk wa kwanza wa 1962 alikuwa anageuka jua likizama. Anza na hiyo.

Wa Eastlands

Nakubali Hulk. Lakini pia soma Carrie ya King ya 1974 upya ukiwa na X-Men kichwani. Msichana wa shule mwenye kusogeza vitu kwa mawazo, huyo ni Jean Grey. Tofauti ni kwamba Jean alikujiwa na mwalimu wa kumpeleka shule ya wenzake, Carrie akarudishwa nyumbani kwa mama wa kumfungia ndani ya kabati ili aombe Mungu. Mimi tangu nione hivyo siwezi kusoma hizi vitu mbili mbali mbali.

Mpenda Kurasa

Hii ya Carrie sikuwahi kuiona kabisa, leo usiku naishusha kwenye rafu. Sawa nimekubali siachi katuni, naanza Swamp Thing halafu Hulk. Swali la mwisho, ile Swamp Thing nianzie 20 alipoingia Moore au hiyo 21?

Tope la Mikoko

21. Ile ya 20 anafunga nyuzi za mwandishi aliyemtangulia, ukianzia hapo utakutana na watu usiowajua wakifa bila kukuuma. Soma 21 mpaka 24, ukishapenda ndo urudi 20. Na usome usiku, rangi zake ni za giza.