Tupeane uzoefu: muswada wako ulifikaje kuwa kitabu?

Kalamu ya Jioni

Wakuu, salaam. Wengi wetu tunaandika, na wengi tuna miswada iliyokamilika ambayo imelala tu kwenye kompyuta. Naomba tuzungumzie kipande kile cha katikati, tangu umalize sentensi ya mwisho hadi kitabu kimfikie msomaji. Nimeona kazi nzuri zikipotelea hapo, na wenye kazi hawakupungukiwa kipaji. Aliyepita njia hiyo atueleze kwa undani nini hasa kilimsaidia.

Naanza mimi. Riwaya yangu ilipokamilika niliiweka kando miezi kadhaa, nikawa naandika hadithi fupi. Nilipoirudia niliichapa kwenye karatasi, nikaisoma kwa sauti nikiwa na kalamu mkononi. Sikio hunasa mambo ambayo jicho limeshayazoea. La kwanza kunikera lilikuwa msururu wa -ka-: akainuka, akavaa, akatoka, akafunga mlango, akashuka ngazi. Kila tendo lina uzito uleule, msomaji hajui ashike lipi. Nikafuta karibu yote, nikabakiza tendo linalosema kitu: "Alifunga mlango taratibu, mama asiamke." Hapo tayari tunajua kuna jambo analolificha.

La pili ni mazungumzo. Kila kauli nilikuwa nimeifungia maelezo: alisema kwa hasira, alijibu kwa huzuni, aliuliza kwa mshangao. Nikajiwekea utaratibu: nafuta maelezo, nasoma kauli peke yake. Ikiwa hasira inasikika, nasonga mbele. Isiposikika, kauli ndiyo naiandika upya.

La tatu ndilo lililobadilisha kitabu. Sura mbili za mwanzo zilikuwa historia ya ukoo wa mhusika mkuu, na hadithi yenyewe ilianza sura ya tatu. Niliifanya ile ya tatu kuwa ya kwanza, na mambo ya ukoo nikayatawanya mbele, kila moja mahali ambapo msomaji ameshaanza kuyaulizia. Mhariri aliyeupokea muswada aliniambia ukurasa wa kwanza ndio uliomfanya aendelee.

Binti Muswada

Asante mkuu, hilo la sura ya tatu nimelichukua. Mimi niongelee kutuma.

Kabla ya kutuma popote nilipitia vitabu vya kila mchapishaji niliyemfikiria, nione anatoa nini. Wapo wanaoishi kwa vitabu vya shule. Diwani yako iwe nzuri namna gani, hawana pa kuiuza. Ukijua hilo mapema hutasononeka kwa barua ya kukataliwa ambayo haihusiani kabisa na ubora wa kazi yako.

Halafu soma masharti yao na uyafuate jinsi yalivyo. Wengine wanataka muswada mzima, wengine sura tatu za mwanzo pamoja na muhtasari. Wasiposema lolote kuhusu mpangilio, mwandiko wa saizi 12 wenye nafasi mbili kati ya mistari, na namba kwenye kila ukurasa, haujawahi kumuudhi mhariri. Muhtasari useme hadithi inaishaje. Wengi wanaficha mwisho ili kumtia hamu mhariri, lakini yeye anataka kujua kama umeweza kuifunga hadithi uliyoifungua. Barua isizidi ukurasa mmoja: kitabu kinahusu nini, kina maneno mangapi, ni cha wasomaji gani, wewe ni nani.

Na ukipata barua ya kukataliwa yenye hata mistari miwili ya sababu, itunze. Mhariri halazimiki kuiandika. Akiona kazi haina matumaini hutuma jibu la jumla tu.

Wino Haufutiki

Nimesaini mikataba kadhaa ya vitabu, na hapa ndipo ninapoumia nikiona vijana wanasaini kwa furaha bila kusoma. Someni vifungu hivi kwa makini.

Mrabaha, yaani fungu la mauzo analolipwa mwandishi. Usiulize asilimia tu, uliza ni asilimia ya nini. Tuseme bei iliyoandikwa kwenye jalada ni 100, na muuza vitabu anapewa punguzo la 40. Mchapishaji anabaki na 60. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 10, asilimia 10 ya mapato ya mchapishaji ni 6. Mikataba miwili inayotaja asilimia ileile, malipo mbalimbali.

Haki. Kumpa mchapishaji ruhusa ya kuchapisha ni jambo moja, kumkabidhi hakimiliki ni jambo jingine kabisa. Katika mkataba wangu wa kwanza kulikuwa na kifungu kinachochukua haki zote, katika lugha zote, kwa muda wote wa hakimiliki. Niliomba tafsiri, filamu na kitabu cha sauti viondolewe kwenye kifungu hicho. Walikubali bila ubishi mkubwa. Mkataba unaoletewa ni pendekezo, na kuomba mabadiliko si utovu wa adabu.

Kurudishiwa haki. Kitabu kikiisha sokoni na mchapishaji asikichapishe tena, haki zirudi kwako baada ya muda uliotajwa. Hakikisha pia "kiko sokoni" imefafanuliwa, maana siku hizi nakala ya kielektroniki ikikaa mtandaoni bila kununuliwa na mtu inaweza kuhesabiwa kuwa kitabu bado kipo.

Taarifa ya mauzo. Iandikwe italetwa mara ngapi kwa mwaka, na kwamba una haki ya kukagua hesabu.

Mwisho, anayekuomba wewe ulipie kuchapishwa anakuuzia huduma. Huduma hiyo inaweza kuwa nzuri, ila ipime kama unavyopima huduma yoyote unayoinunua: uliza bei ya kila kitu peke yake, omba uone vitabu alivyokwisha kutoa, na usimwachie haki zako.

Jalada Gumu

Mimi nilichapisha mwenyewe. Nasema kwa kifupi, nikiulizwa nitaongeza.

Tafuta ISBN yako mwenyewe, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwa wakala wa nchi yako. Tangu 2007 ina tarakimu 13, na kila umbo la kitabu linahitaji ya kwake: jalada jepesi moja, jalada gumu nyingine. Ukitumia namba ya mtu mwingine, kwenye kumbukumbu yeye ndiye mchapishaji.

Ongea na kiwanda cha uchapaji kabla ya kupanga kurasa. Karatasi kubwa hukunjwa zikatoa kurasa 16 au 32 kwa mkupuo, hivyo kitabu cha kurasa 163 kinaweza kukuachia kurasa tupu mwishoni ambazo umezilipia. Picha ya jalada iwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wake halisi wa kuchapwa. Iliyochukuliwa mtandaoni hutoka na ukungu. Omba nakala moja ya majaribio, isome yote, ndipo uruhusu nyingine zichapwe.

Pesa kubwa niliiweka kwa mhariri, na sijajuta. Jalada humfanya mtu akichukue kitabu, lakini anayempendekezea rafiki yake amevutiwa na kilichomo ndani.

Mgeni wa Fasihi

Wakuu, shikamooni. Nina muswada lakini naogopa kuutuma, wazo langu lisije likaibwa. Mnafanyaje?

Wino Haufutiki

Marahaba. Hakimiliki hulinda namna ulivyoliandika wazo, hailindi wazo tupu. Watu kumi wakipewa wazo moja watatoa vitabu kumi visivyofanana. Kwa nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambazo ni karibu zote, ulinzi huo unaanza pale tu unapoandika, hauhitaji usajili. Tunza rasimu zako zenye tarehe na barua pepe ulizotumia kutuma. Kisha tuma, mdogo wangu. Muswada usiosomwa na mtu hauwezi kupata mhariri.

Lafudhi

Niongeze la mhariri, maana wengi wanamwogopa. Mhusika wangu mmoja, bibi mzee, anaongea lahaja ya kwao. Muswada ukarudi maneno yake yote yamesanifishwa. Sikugomba. Nilimwandikia mhariri nikaeleza kwamba msimulizi anatumia Kiswahili sanifu, bibi hatumii, na pengo hilo ndilo linalomtenga bibi na wajukuu zake. Nikaambatanisha orodha: maneno ya bibi, tahajia niliyoichagua kwa kila neno, na mahali ambapo maana inaeleweka bila maelezo ya chini. Yeye naye akanionyesha sehemu tatu ambapo bibi alikuwa ameteleza akaongea kama msimulizi. Alikuwa sahihi, tukazirekebisha.

Tangu hapo kila muswada ninaotuma una orodha hiyo, pamoja na majina ya wahusika, umri wao na tahajia za majina ya mahali. Msomaji prufu naye apewe nakala yake, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kugusa maandishi kabla ya kuchapwa, na huenda hajawahi kusikia habari za bibi.