Gemu linakula RAM, linafuta wiki tatu za mtoto, halafu mnasema tatizo ni simu yake?

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, ila naomba wanaoandika skripti za gemu (maagizo yanayoliendesha) wausome hadi chini, hasa mnaotumia Godot, programu ya kutengenezea magemu, na kutoa magemu ya kuchezwa kwenye simu za watu wetu.

Juzi usiku mpwa wangu, ana miaka tisa, kaja chumbani na simu ya mama yake mkononi. "Mjomba, Coaster yangu haipo." Machozi yanamlenga, anajikaza. Wiki tatu anaendesha gemu la daladala, katazama matangazo mpaka kifurushi cha mama yake kikawa kinaisha kabla ya siku zake, kakusanya sarafu moja moja hadi akatoka kwenye Hiace akanunua Coaster. Siku hiyo anaingia kituoni, simu ikaita, mama yake akaichukua akaongea. Aliporudishiwa na kufungua gemu, yuko na Hiace ya mwanzo na sarafu 0.

Dada akawaandikia wenye gemu. Wakamjibu kwamba simu yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2 haina uwezo, atafute nyingine.

Hapo ndipo nilipochemka, kwa sababu gemu hilo nalijua tumboni. Nilifanya kibarua cha miezi miwili kwenye ofisi hiyo, jina sitalitaja, nikiandika skripti za abiria. Tatizo nililiona, nikalisema kwa mdomo, nikaliandika kwenye kundi la kazi pamoja na picha za skrini. Nikaambiwa tutoe kwanza, mengine baadaye. Simu ya dada yangu haina kosa lolote.

Kosa lenyewe ni hili. Kila abiria ni nodi, yaani kipande kimoja cha gemu kwenye Godot. Akishuka kituoni, skripti yao inaita remove_child(), abiria anatoweka kwenye skrini na kila mtu anaridhika. Lakini remove_child() inamtoa abiria kwenye mti wa nodi tu, ule mpangilio wa nodi zilizo ndani ya gemu. Haimfuti. Bado yuko kwenye RAM na mwili wake na vitu vyake vyote, na hakuna tena kigezo (jina la kwenye skripti) kinachomshika, kwa hiyo hata ukitaka kumfuta baadaye huna pa kumkamatia. Hao ndio tunaowaita nodi yatima. GDScript, lugha ya skripti za Godot, haina mfagiaji anayepita nyuma yako kukusanya takataka. Vitu vya ukoo wa RefCounted vinajihesabia wenyewe vinashikwa na wangapi, mshikaji wa mwisho akiachia vinafutika. Nodi hazimo kwenye ukoo huo. Nodi umeiunda wewe, utaifuta wewe, kwa queue_free(), nayo itaondoka mwisho wa fremu, ile picha moja ya skrini, pamoja na watoto wake wote.

Nilipima mwenyewe. Godot ina kipimo cha nodi yatima pale kwenye dirisha la kurekebishia makosa, na ukiita print_orphan_nodes() kwenye toleo la majaribio inakutajia moja moja. Safari moja ya gemu lile, kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, iliacha yatima 212. Safari ya pili 424. Sikuhitaji kupima ya tatu. Mtoto anayependa gemu anapiga safari ishirini bila kunyanyua kichwa.

Sasa weka hiyo kwenye simu ya GB 2, ambayo sehemu kubwa ya RAM imeshashikwa na Android yenyewe. Gemu likiwa mbele linajikongoja. Simu ikiita, gemu linakwenda nyuma, na mfumo ukitafuta wa kuua ili upate nafasi, anayeuawa mapema ni yule aliyeko nyuma na amejaza kumbukumbu. Anauawa bila kuagwa. Hakuna taarifa inayokuja kwenye skripti yako kwamba unakufa sasa hivi, jiandae.

Ndipo linakuja la kuhifadhi, na hili limeniuma kuliko lile la RAM. Ofisi ile inahifadhi mji mzima. Kila basi likigusa kituo wanachukua tukio lote, yaani scene nzima ya gemu, barabara, majengo, taa, abiria, wanalifunga kwa PackedScene (kifurushi cha scene cha Godot) na kuliandika kwa ResourceSaver (kifaa chake cha kuhifadhi) juu ya faili lilelile la zamani. Majengo yamo tayari ndani ya gemu, hayabadiliki, unayaandika tena ya nini? Cha mtoto ni sarafu, aina ya gari, mafuta na kituo alichofikia. Mistari michache ya maandishi. Kwa kuandika mji mzima, uandishi unachukua muda, na ndani ya muda huo faili la zamani limeshafutwa na jipya halijakamilika. Simu ikiita hapo katikati na gemu likauawa, mtoto hana la zamani wala jipya. Nilirudia hali hiyo kwenye simu ya majaribio na nakala niliyobaki nayo tangu mkataba. Mara ya nne tu nikalikuta faili lina baiti 0.

Dawa yake haizidi mistari sita. Andika kwenye faili la muda, lifunge, hakikisha linasomeka, ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Ukifa katikati, la zamani lipo. Na usisubiri mtu afunge gemu ndipo uhifadhi. NOTIFICATION_WM_CLOSE_REQUEST, taarifa ya kufungwa kwa dirisha, ni ya kompyuta. Kwenye simu shika NOTIFICATION_APPLICATION_PAUSED, ile inayokuja gemu linapopelekwa nyuma, hifadhi hapo hapo kwa haraka.

Hata huo mji wanaoufunga, haufungiki wote. PackedScene inachukua nodi zile tu ambazo owner wake (nodi mmiliki) amewekwa. Ukiunda basi kwa skripti ukalitia kwa add_child() bila kumweka owner, halimo kwenye faili. Na kigezo kisichokuwa na @export (alama inayokifanya kihifadhiwe) hakihifadhiwi. Kulikuwa na var mafuta = 60 imekaa hivyo hivyo miezi yote miwili, kila ukifungua gemu tenki limejaa, na wao wakadhani ni zawadi aliyoiweka mwenzao.

Kuna kijana mmoja pale alijaribu kuhamia JSON, muundo wa kuandika data kwa maandishi, kwa nia njema kabisa. Akakwama kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba JSON ya Godot inarudisha kila namba ikiwa na desimali, 3 inarudi 3.0, na match, amri ya kulinganisha, haizioni kuwa kitu kimoja. Funguo za kamusi nazo zinarudi zikiwa maandishi, kwa hiyo vituo[3] hakipo, kipo vituo["3"]. Vector2, ile jozi ya namba za mahali, inarudi ikiwa maneno matupu. Aliungua wiki nzima na hizo, akakata tamaa, wakarudi kwenye PackedScene.

Nawalaumu pia wanaofundisha kwa video. Nimetazama za kutosha. Mwalimu anaonyesha jinsi ya kuhifadhi na kurudisha vitu, anabonyeza, basi linarudi, video imeisha. Abonyeze mara tano basi! Angeona mabasi matano yamepandana, kwa sababu hajafuta ya zamani kabla ya kuunda mapya. Angeona abiria anamtafuta dereva ambaye hayupo, kwa sababu alihifadhi namba ya get_instance_id(), ile Godot inayoipa kila nodi gemu likiwa wazi, na namba hiyo haina maana gemu likifunguliwa upya. Kitu chochote kinachorejelewa na kingine kipe kitambulisho chako mwenyewe, unda vyote kwanza, ndipo uviunganishe. Na kama kuna orodha kwenye autoload (skripti inayobaki hai gemu zima) iliyobaki imeshika nodi za tukio lililopita, isafishe au uliza is_instance_valid() kabla ya kugusa. Vijana wetu wanajifunzia humo, kwa kifurushi cha shida, wakitafsiri neno kwa neno, kisha wanapewa nusu ya kazi.

Jingine kwa haraka: msimwachie mchezaji apakie faili la .tres (faili la data la Godot) alilotumiwa na mtu asiyemjua. Linaweza kubeba skripti ndani yake, nayo ikaendeshwa.

Jumatatu ofisi ile imetoa toleo jipya. Wameongeza gari la rangi ya dhahabu la kununua kwa matangazo. Nimelipakua, nikaunganisha simu na kompyuta, nikatazama kumbukumbu kwa dumpsys meminfo, amri ya Android ya kupima RAM, kila baada ya safari. Inapanda vilevile, haishuki hata mara moja. Picha za skrini ninazo, pamoja na ujumbe niliowaandikia siku ile kwenye kundi la kazi. Mnaosoma humu kutoka ofisi ile, mnajijua: skripti ya abiria, pale anaposhuka, badilisheni mstari ule mmoja, halafu mrudishieni dada yangu jibu lingine.