Mrejesho: ile noti ya New Jersey ya 1776

Wadau, habari zenu. Niliomba ushauri kabla ya kununua noti ya zamani ya shilingi 12 ya New Jersey (Marekani), ya tarehe 25 Machi 1776, kwa hofu kwamba huenda ni nakala ya kumbukumbu iliyochapwa baadaye. Nashukuru kila aliyejibu. Nimeinunua, na mtaalamu aliyeikagua amethibitisha kuwa ni halisi.

Mliosema nianze kwa kukagua sahihi (saini) zilizo kwenye noti mlinisaidia kweli. Kwenye nakala nyingi sahihi huchapwa pamoja na maandishi mengine. Kwenye hii, ukitazama kwa lenzi, wino wa kalamu umegeuka kahawia na umepita juu ya herufi zilizochapwa. Herufi zenyewe zimebonyea kwenye karatasi, unazihisi kwa kidole.

Nyuma kuna chapa ya jani halisi, mishipa yake yote inaonekana! Mbinu hiyo ilianzishwa na Benjamin Franklin, mchapaji na mwanasiasa wa Marekani, kuwakomesha waghushi, kwa kuwa hakuna mchongaji angeweza kuiga mishipa ile sawasawa. Juu yake, onyo: kughushi ni kifo. Mchapaji ni Isaac Collins wa Burlington.

Sahihi ya John Hart, aliyetia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, haimo. Zenye jina lake bei iko juu mno. Hii inanitosha kabisa.