Mjadala: Mkuu wa elimu asiyeshika kifutio, abebe lawama ya majibu yaliyofutwa?

Ndugu zangu walimu na wazazi, habari za jioni. Wengi hapa mnasema afisa elimu ambaye ufaulu wa wilaya yake umeshuka avuliwe cheo, na kwamba hofu hiyo ndiyo itakayoamsha shule. Mimi sikubaliani. Nitaanza na kisa cha mbali kidogo, kwa sababu kilichunguzwa hadi mwisho na kikaandikwa chote.

Beverly Hall alizaliwa Jamaica, akahamia New York alipomaliza sekondari. Alifundisha Brooklyn, akawa mwalimu mkuu, akapanda hadi kuwa naibu mkuu wa shule za umma za jiji zima. Mwaka 1995 alikabidhiwa shule za Newark, na mwaka 1999 akaitwa kuongoza shule za umma za jiji la Atlanta, Georgia, nchini Marekani. Cheo chake kwetu hakipo sawasawa. Kiko jirani na Afisa Elimu wa Wilaya, ila yeye anaajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba, na mwalimu mkuu anakaa au anaondoka kwa neno lake.

Shule alizozipokea zilikuwa na watoto wengi weusi wa familia maskini, na alikataa kabisa umaskini uwe sababu ya mtoto kutojua kusoma. Hapo namuunga mkono kwa moyo wote. Kila shule akaipa shabaha ya alama kila mwaka. Walimu wakuu wakaambiwa wana miaka mitatu ya kuifikia, wakishindwa waondoke, na katika kipindi chake takriban asilimia 90 walibadilishwa. Alama zilipanda mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2009 chama cha wakuu wa elimu wa Marekani kilimchagua kuwa mkuu bora wa taifa zima. Katika miaka yake Atlanta, bonasi zake zilizidi dola 500,000.

Gazeti la Atlanta Journal-Constitution ndilo lililoanza kutilia shaka mruko wa alama. Kisha jimbo likachunguza fomu za majibu. Mtoto anasiliba kwa penseli, na mashine inaweza kuona hata palipofutwa. Mtoto akifuta, mara nyingi ni jibu moja au mawili. Hapa yalionekana madarasa mazima ambamo majibu mengi yalikuwa yametoka kosa kwenda sahihi, kwa kiasi ambacho bahati haiwezi kukifikia. Ripoti ya wachunguzi wa gavana ilitoka Julai 2011. Iliwataja walimu na viongozi 178 katika shule 44, wakiwemo walimu wakuu 38. Watu 82 walikiri.

Shule moja ya kati (baada ya msingi, kabla ya sekondari), mwalimu alichana kwa wembe nailoni ya pakiti ya mitihani, akaitoa, kisha akaibana tena nailoni ile kwa moto wa kiberiti cha gesi. Shule nyingine, walimu walibeba fomu za watoto hadi nyumbani kwa mwenzao na kukaa wikiendi wakifuta na kusiliba upya. Lakini linalonikaa kichwani zaidi ni la mwalimu mkuu aliyemwamuru mwalimu wake, mtu mzima, atambae chini ya meza mbele ya wenzake kwenye kikao, kwa kuwa alama za darasa lake zilikuwa chini.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka kikao kimoja cha tathmini ya darasa la saba. Halmashauri siitaji. Ukumbi umejaa, mgeni rasmi yupo, shule zilizoongoza zimepewa vyeti na sufuria za zawadi. Kisha ikaitwa shule ya mwisho. Mwalimu mkuu wake, mama wa makamo, alipita mbele akakabidhiwa kinyago cha mti akiweke ofisini kwake mwaka mzima. Alikipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa. Watu walicheka. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na sikumtetea. Shule yake ilikuwa na walimu wanne kwa madarasa saba. Hilo halikuulizwa.

Atlanta nao walikuwa na namna yao ya kuaibisha. Kwenye mkutano mkuu wa kila mwaka uwanjani Georgia Dome, shule zilizofikia shabaha zilikaa chini uwanjani, karibu na Hall. Zilizokosa zilikaa juu kwenye majukwaa.

Sasa swali. Hall alikana siku zote. Hakuna aliyemwona akishika kifutio. Mwaka 2013 alishitakiwa pamoja na wenzake 34, chini ya sheria ya jimbo iliyotungwa kwa ajili ya magenge ya uhalifu. Alifariki kwa saratani tarehe 2 Machi 2015, kesi yake haijasikilizwa. Mwezi mmoja baadaye 11 kati ya 12 waliosikilizwa walitiwa hatiani. Kwa jinai hakuhukumiwa, na mimi simhukumu. Ninachosema ni cha uongozi: kiongozi akishika fimbo, na kipimo ni kile kile anacholipwa kwacho, na mwenye kuleta habari mbaya anaadhibiwa, basi uongo utakaozaliwa ni wake pia.

Tazameni jinsi ulivyokua. Shabaha ya mwaka huu ilisimama juu ya alama za mwaka jana. Alama za mwaka jana zikiwa za kupika, mwaka huu lazima upike zaidi ili uongeze. Mwalimu mwaminifu anapokea darasa ambalo kwenye karatasi linasoma vizuri, lakini ubaoni nusu hawawezi kumaliza aya. Akisema ukweli anaonekana yeye ndiye aliyewashusha. Mwaka mmoja tu wa hivyo, mtu huyo ama anaondoka ama anatafuta kifutio.

Na mtoto je? Ile shule ya wembe ilikosa dola 750,000 za msaada wa jimbo na serikali kuu kwa sababu ilionekana imeshapona. Msaada huo ulikuwa wa watoto walioachwa nyuma. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, ndugu zangu.

Kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2018 Necta, Baraza la Mitihani la Tanzania, ilifuta kwa udanganyifu matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, Dodoma, watoto wakarudia mtihani Oktoba. Wilaya nzima! Hilo haliwezi kuwa la mwalimu mmoja mwenye tamaa. Miaka mitano kabla, mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa ulikuwa umeanza kuzipanga shule kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Januari 2023 Necta iliacha kutangaza shule kumi bora, nami nilifurahi, lakini vikao vya halmashauri bado vinapanga shule, na vinyago bado vinachongwa.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu.

Ndugu mmoja ameandika kwamba bila shinikizo walimu wanalala, na kwamba Hall aliinua shule kweli. La pili ana haki nalo. Kuna mtihani wa taifa wa sampuli kule, usio na zawadi wala adhabu kwa shule, na humo pia Atlanta ilipanda katika miaka yake. Maana yake palikuwa na ufundishaji halisi ukiendelea, na uongo ukaufunika. Walimu waliofanya kazi halali leo hawawezi kuionyesha. Hiyo kwangu ndiyo hasara kubwa kuliko cheo cha mtu.

La kwanza, dada yangu mmoja amelijibu vizuri kuliko mimi: afisa elimu aulizwe kwanza walimu amewagawaje, ni shule ngapi amekaa darasani akasikiliza somo, na mwalimu mkuu wa mwisho alipomwambia hali ni mbaya alimpa nini. Upimaji wa kusoma ufanywe na watu ambao kibarua chao hakitegemei jibu.

Ningependa kusikia kutoka kwa mliowahi kuwa walimu wakuu. Mliporudi shuleni na kinyago, Jumatatu ile mliwaambia nini walimu wenu?