Naomba ushauri: C ya Hisabati yatosha kusomea shahada ya Hisabati?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba, nimemaliza kidato cha sita, PCM. Nimepata Hisabati C, Fizikia D, Kemia E. Daraja la pili, pointi 12.

Nataka kusoma Hisabati yenyewe. Hesabu za mabadiliko, zile za kutafuta eneo chini ya mstari uliopinda, naweza kukaa nazo kuanzia alasiri mpaka inaadhiniwa magharibi bila kuchoka. Nyumbani wanataka niende uhandisi au ualimu. Ualimu siudharau hata kidogo, waliotufikisha hapa ni walimu.

Nimesoma mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa hesabu yao, ambayo si ile ya pointi za daraja, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na kiwango cha chini ni pointi 4 kwa masomo mawili. Kwa hiyo C na D zangu zanipa 5. Kuvuka kiwango ni jambo moja, kupata nafasi ni jengine, maana wanaoomba ni wengi. Mwalimu wangu kaniambia nijaribu tu, lakini hakunambia nina nafasi kiasi gani.

Waliopita njia hii naomba mnisaidie. Kwa C ya Hisabati, kuna aliyechaguliwa Hisabati pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), au chaguo la kwanza niweke Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), sayansi na ualimu? Na je, nirudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea nipandishe alama, au niombe mwaka huu huu?